Unga Niliobeba Mgongoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Chapwa. Nimechoka, sitasimama muda mrefu, lakini sitaki kufa na jambo hili kifuani.

Mwaka ule bei ya unga ilipopanda Zambia, mimi nilikuwa Kitwe, nikijitolea katika nyumba ya kanisa iliyotunza wazee wagonjwa. Kupika, kufua, kuwageuza vitandani. Mitaani watu walivunja maduka, askari wakafyatua risasi. Tuliambiwa tusitoke. Lakini chakula kikaisha. Nikaomba, nikatoka.

Nilipata unga kwa muumini mmoja. Sasa, ndugu zangu, sisi watu wa mpakani tuna akili zetu. Mnajua mama zetu walivyovusha sukari kutoka Nakonde, upande wa Zambia: mgongoni, imefungwa kitenge kama mtoto mchanga. Nami nikaufunga unga hivyo, wenye njaa wasiuone. Nilijiona mjanja kweli!

Njiani kundi la watu likanizunguka. Kijana mmoja akataka kumwona mtoto. Kitenge kikavutwa, unga ukaonekana. Nilipojitetea, Kibemba changu cha sokoni kikafichua kwamba natoka Tanzania. Wakasema ndio hawa wanaovusha unga wetu na kutuachia njaa. Wakaokota mawe. Ndugu zangu, niliogopa mpaka jina la Yesu likanipotea mdomoni.

Nikajikuta nimepiga magoti. Mikono yangu ikaanza kupiga makofi ya polepole, kama mama yangu Mnamwanga alivyonifundisha kuwasalimu wakubwa. Sikupanga. Mama mmoja kundini akaitikia kwa Kinamwanga, maana kabila letu liko pande zote mbili za mpaka. Akaja akasimama mbele yangu, akauliza unga ni wa nani. Nikasema ni wa wazee wagonjwa. Akawageukia wenzake.

"Unga chukueni, njaa ni njaa. Huyu mwacheni, ni mtoto wa watu."

Wakaugawana palepale, wengine kwa kofia. Nikarudi mikono mitupu, nalia. Wazee wangu walikunywa maji ya moto yenye chumvi. Niliwaomba radhi. Bibi mmoja aliyepooza akanishika mkono.

"Unga utapatikana, mwanangu. Tangu utoke, sisi tulikuwa tunaomba urudi wewe."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojua nani aliyenipigisha magoti.

Namshukuru Mungu. Nawe uliyechoka hata kuomba, mtumaini hivyo hivyo ulivyochoka. Huenda kuna mtu kitandani, asiyeweza hata kugeuka, anakuombea sasa hivi.