Kochi Lililohamia Kijiweni

Hebu vuta picha. Kona ya mtaa, ukuta wa kinyozi uliopauka, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, na pale ambapo miaka yote pamekuwa na benchi la mbao, leo pana kochi. Ni kochi la watu watatu, mgongo wa kijani, mkono mmoja wa kahawia na mwingine wa bluu, maana Fundi alilishona kwa mabaki ya vitambaa vya wateja wake. Kando yake kuna feni, na televisheni iliyogeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Fundi mwenyewe, ambaye riziki yake ni kutengeneza makochi ya watu, amekaa ukingoni mwa lake kama mgeni. Amevaa shati lililochanika. Shati zima ameliacha chini ya godoro.

Sababu ni hii. Binti yake amemaliza shule na ameomba msaada wa karo wa serikali, ule wanaopewa wasio na uwezo. Leo mkaguzi anapita nyumba kwa nyumba. Bila msaada hakuna chuo, na Fundi alilijua hilo tangu siku mtoto alipoanza kushika kalamu.

— Tulia, Fundi, alisema Wakili. Wakili ni kinyozi. Mahakamani hajafika hata kwa kumsindikiza mtu. — Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa. Ficha tu.

— Nimeficha hadi feni. Ndani nimeacha godoro na ndoo.

— Ndoo ina mfuniko? aliuliza Redio, mlinzi wa usiku ambaye mchana huja kijiweni kulinda habari za watu.

— Inao.

— Umeharibu! Mfuniko ni dalili ya uwezo. Maskini kamili ndoo yake iko wazi.

Mama Birika, muuza kahawa, alimimina bila kuinua macho.

— Na nyinyi mliobeba televisheni mchana kweupe, hiyo si dalili?

— Tuliifunika shuka, mama.

— Mkaifanya jeneza. Watu wawili wameniuliza nani kafa.

Wakili alikohoa kidogo, kama afanyavyo akiona kesi inamponyoka.

— Vitu vya ndani si hoja kubwa. Hoja ni kozi. Serikali inatoa msaada kwa kozi isiyo na waombaji. Binti aombe urubani. Wengi wanaogopa urefu.

— Na ukishasomeshwa urubani, akadakia Redio, hawawezi kukuacha bila ndege. Ndege inakuja na cheti.

— Nani kakwambia?

— Haba na haba hujaza kibaba, ndugu yangu. Utaona.

— Au asomee kuhesabu samaki baharini, alisema Wakili. Nani atamsahihisha?

Fundi aliitikia kwa kichwa urubani, akaitikia na samaki. Hofu haichagui ushauri.

Hapo akafika mwanamke mwenye viatu vilivyojaa vumbi na mkoba begani. Akawajulia hali, akaomba kahawa, akauliza kama anaweza kukaa. Redio akasogea. Mwanamke akaketi, akapapasa mkono wa bluu.

— Kochi zuri hili. Ni la nani?

— Si letu, alisema Wakili upesi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

— Lakini mmelikalia.

Mwanamke akapuliza kahawa yake.

— Nimetoka nyumba ile ya mlango wa bati. Binti wa pale ana adabu sana. Amenikaribisha kwenye ndoo, yeye akasimama. Nyuma yake, ukutani, rangi imefifia kote isipokuwa sehemu moja yenye umbo la kochi.

Kahawa ilimpalia Fundi. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

— Ni langu, mama. Nilidhani mkiliona mtamnyima mtoto.

— Kochi la mabaki halimnyimi mtu karo, baba. Na serikali haina pa kuliweka. Mimi nina swali moja tu la mzazi. Karo tunaweza kulipa, lakini nauli, chakula na moyo vinatoka nyumbani. Nimewaona watoto wanaoishia njiani kwa sababu kwao hakuna aliyejua wanakwenda wapi. Binti yako anataka kusomea nini?

Fundi akafungua kinywa. Akamtazama Wakili. Wakili akatazama wembe wake. Redio, ambaye habari haijawahi kumpita, akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

— Urubani? alinong'ona kutoka chini huko.

Mwanamke hakucheka.

— Namalizia nyumba za upande wa pili. Nitarudi kunywa kikombe kingine.

Akaenda. Fundi alibaki akiitazama mikono yake. Alijua nani mtaani anapenda sponji laini na nani mgongo unamuuma. Maisha yake yote hakuwahi kukata kitambaa cha mteja kabla ya kumuuliza, "Mtakaa wangapi? Mnapenda rangi gani?"

— Nyanyueni, alisema.

— Fundi, mkaguzi bado yuko mtaani!

— Nyanyua, Wakili.

— Na sisi tukae wapi? aliuliza Redio.

— Mlipokaa jana.

Kochi likarudi kwenye alama yake ukutani. Wabebaji walipotoka, Fundi aligonga kidogo upande wa bluu.

— Keti, mwanangu. Unataka kusomea nini?

Binti alimtazama kwanza, kama anayepima iwapo nyuma ya swali hilo kuna jingine.

— Viungo bandia, baba. Kutengeneza miguu na mikono.

— Hayo umeyatoa wapi?

— Kwako. Unamkumbuka yule mzee aliyeomba kipande cha sponji, mguu wake wa bandia ulikuwa unamchubua? Ulimkatia, ukamshonea na ngozi laini. Akatembea mpaka kona akarudi anacheka. Mimi ndiye niliyekushikia mkasi. Nimeshaulizia hospitali. Wana fundi mmoja tu, na anakaribia kustaafu. Chuoni ni miaka mitatu.

Fundi naye akaketi, upande wa kahawia.

— Mbona hukuniambia?

— Ulikuwa unahamisha feni.

Mwanamke wa mkoba aliporudi kijiweni, alimkuta Fundi amesimama kando ya benchi, amevaa shati zima. Fundi alimjibu kabla mgeni hajaketi, akamweleza mpaka habari za mzee na sponji. Mama Birika akamimina vikombe viwili. Wakili na Redio wakasogea kwenye benchi, wakawapisha wakae.

Nawe ukiyasahau mengine yote ya kochi hili, nakuomba ubaki na moja: mwanao muulize anataka kwenda wapi, na ukishamuuliza, keti.