Kaanaeli Sumari na Riba ya London

Bwana Mchungaji, wazee wetu, majirani na wote mliopanda huku kwa matope haya, mimi ni Sadoki Sumari, mdogo wake marehemu, nami familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu.

Kaanaeli Sumari alizaliwa tarehe 3 Machi 1912 hapa Nkoaranga, mtoto wa pili wa Mzee Sumari na Mama Tabitha, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya misheni tangu 1921 hadi 1928, akatoka na hesabu na Kiingereza kutupita sote nyumbani.

Mwaka 1931 aliajiriwa ukarani katika shamba la mzungu mmoja karibu na Tengeru, ambaye alimwachia magazeti ya London, yaliyokuja kwa meli na kufika yakiwa na wiki tano au sita. Tarehe 14 Oktoba 1936 alifunga ndoa na Eunike, binti wa Moshono, wakajaliwa watoto watatu, Bariki, Elizabeth, na Maria aliyetangulia mwaka 1949.

Mwaka 1947 akawa karani wa chama chetu cha kahawa, Maji ya Chai, na hapo akaanza kuandika, kila gazeti lilipofika, riba ambayo Serikali ya Uingereza huilipa inapokopa kwa miezi mitatu tu. Alitueleza kwamba wanunuzi wa kahawa nao hukopa ili kujaza maghala yao, na serikali yenyewe ikikopa kwa riba kubwa, wao hutozwa kubwa zaidi, hupunguza kununua, na bei hushuka. Riba ilipopita sita kwa mia, Septemba 1957, alituhimiza tuuze upesi, tukauza, bei ikashuka nyuma yetu, na watu wakawa wakimsalimu sokoni kwa furaha, “Shikamoo karani, Malkia anakopa kwa ngapi leo?”

Mwaka uliofuata riba ilirudi chini ya nne, naye akasema bei itapanda, tusubiri hadi Machi. Nyumba thelathini na nne zilisubiri. Tuliweka kahawa ya maganda darini, juu ya jiko, mahali tunapoweka mahindi ili yasiliwe na wadudu, na hakuna aliyekumbuka kwamba moshi unaohifadhi mahindi huharibu kahawa, wala yeye hakukumbuka kutuambia. Machi 1959 bei ilikuwa imeshuka zaidi, na mpimaji alinusa magunia yetu akayaweka daraja la mwisho. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na naona riba ile ilisema kweli kuhusu fedha ya London, ila haikujua miti mingapi imepandwa Brazili, wala dari zetu zikoje.

Salamu ya sokoni ilibaki ileile, ila sasa walicheka wakishampita. Aliacha ukarani tarehe 30 Aprili 1959, akaenda nyumba moja moja kuomba radhi, zote thelathini na nne. Mama Evaresta, mjane, ambaye kahawa ile ilikuwa ada ya shule ya mwanawe, alimpa kiti na chai, akamwambia, “Karani, hukuniibia. Ungeniibia, ningejua la kukufanya.” Kaka alirudi nyumbani na maneno hayo, na tangu siku ile hatukumwona akimaliza chakula.

Kifua kilimshika Novemba 1959, akalazwa Arusha mara mbili, na alfajiri ya tarehe 11 Juni 1960 akafariki, akiwa na miaka arobaini na minane. Aliagiza kosa lake lisomwe mbele yenu bila kupunguzwa. Baadhi yetu hatukutaka, lakini shemeji Eunike alisema lisomwe, nami nimelisoma, ingawa sijui kama limempunguzia mtu yeyote chochote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, makarani wenzake waliokuja kutoka mbali kama Daraja Mbili, na majirani mliochimba kaburi katika mvua. Tunawashukuru mliopoteza kahawa na bado mmekuja, na waliobaki nyumbani hatuna neno nao.

Kaka, sina habari njema ya kukupa, bei imeshuka tena wiki hii. Wewe pumzika kwa amani, sisi tunabaki na bei hiyo.