Mapafu ya Denzil Ratliff

Mchungaji wetu, wazee wa chama cha wachimbaji na majirani wote wa bonde la Spruce Lick, kwa niaba ya familia nasimama mimi, niliyeolewa na Travis, kitinda mimba wa marehemu, kuwasomea maisha ya baba yetu Denzil Ratliff.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 hapa hapa Spruce Lick, West Virginia, katika nyumba ya kampuni ya mgodi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Orville na mama Icie, akasoma shule ya bondeni na kisha sekondari ya mjini hadi mwaka 1966, dari la mgodi lilipomwangukia baba yake, akaacha masomo na kushuka chini kuchimba makaa ya mawe mahali pale pale.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na mama yetu Reva katika kanisa hili, wakajaliwa Lonnie, Darlene na Travis.

Wenzake wa zamu mnaikumbuka asubuhi ya tarehe 4 Februari 1974, msimamizi alipowaamuru waingie kwenye njia ambayo dari lake lilikuwa likilia kwa kupasuka na nguzo hazijawekwa, na kwa desturi yetu mchimbaji anayegoma hahutubii, humwaga chini maji anayoyabeba kwenye ndoo yake ya chakula, wenzake wakimwaga yao basi kazi imekwisha, maana hakuna anayeshuka bila maji ya kunywa. Marehemu akamwaga. Msimamizi akacheka, "Denzil, hayo utayalamba, una mke mjamzito nyumbani!" naye akajibu, "Ndiyo maana nayamwaga, bwana." Wote wakatazama viatu vyao, mpaka Gaither Lockhart, ambaye hawakuwa wakisemezana naye tangu walipogombana juu ya mbwa, aliposema, "Simpendi huyu, lakini siendi kufa kwa ajili ya kumkomoa," akamwaga yake, wengine wakafuata, na nguzo zikawekwa.

Alichimba hadi tarehe 30 Septemba 1994, kampuni ilipoufunga mgodi uliokuwa na wanachama wa chama chetu, ikafungua mwingine upande wa pili wa kilima kwa jina jingine, na kuwaambia wanachama hawahitajiki.

Kikohozi kilizidi mwaka 2003, daktari wa zahanati akasema ni vumbi la makaa, lakini daktari wa kampuni, ambaye hakuwahi kukigusa kifua chake, alitazama picha tu akaandika kuwa ni sigara, wakati baba hakuwahi kuvuta hata moja, na kila aliposhinda kesi ya kudai fidia kampuni ilikata rufaa, ikijua kwamba makaa yasipotajwa kuwa ndiyo yaliyomuua, Reva atabaki bila matunzo ya mjane. Siku hizo Gaither ndiye aliyempandishia ngazi mtungi wa hewa, akimwambia, "Vuta pumzi, mzee, usinifanye nivae tai kwa ajili yako."

Alipozidiwa alimwita mama akamwambia, "Reva, nikifa madaktari wayatoe mapafu yangu, uwapelekee watu wa kampuni. Mimi wameniita mwongo, hayo watayaitaje?" akafariki tarehe 21 Oktoba 2011 hospitalini, na alivyotaka ndivyo ilivyofanyika, kwa hiyo jeneza hili mnaloliona halina mapafu ndani yake, yanangoja siku ya kesi.

Tunamshukuru daktari wa zahanati aliyesema kweli, muuguzi aliyekuwa akikipasha moto kipimo cha kusikilizia pumzi kwenye viganja vyake kabla ya kukiweka kifuani kwa baba, majirani mlioleta maharage na mkate wa mahindi bila kugonga mlango ili mama asiamke, na Gaither, ambaye leo amevaa tai. Kampuni imeleta maua asubuhi, Travis ameyaacha nje ya lango, hatuna la kuishukuru.

Lala salama, baba. Wewe tunakuzika leo, mapafu yako bado yako kazini.