Helmeti Moja

Kwenye Probox ya abiria kutoka Roret, mkaguzi wa bima alikuwa amepakata helmeti yake mpya kama mtoto mgonjwa. Mama aliyekaa naye hakuipenda.

“Mwenzako alikuja kwetu, mvua ya mawe ikiwa imetoboa paa. Hakuwa na helmeti wala buti.”

“Bila hizo haturuhusiwi kupanda, mama.”

“Hakupanda. Alimpatia mzee wangu simu, apande ampigie picha. Mzee alikuwa na slipa.”

“Alianguka?”

“Mpaka leo hainuki kitandani. Na kwa fomu, mwenzako ameandika amekagua paa mwenyewe.”

Sisi abiria wengine tuliangalia mashamba ya majani chai nje. Gari liliposimama, wote wawili walishuka kwa geti moja, la nyumbani kwa mama.

“Kumbe ni wewe umetumwa kurudia ukaguzi,” mama alisema. “Na umebeba helmeti moja. Leo nani anapanda?”