Ubao wa Sitini na Moja

Marehemu baba yetu, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Randa, alizaliwa tarehe 3 Juni 1939 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mpasuaji mbao na mama yake alishona nguo. Shangazi yetu anasema mtoto huyo alilala vizuri msumeno ukinguruma; ukizimwa tu, anaamka na kulia. Ndugu zangu wameniomba niandike wasifu huu na niusome, mimi binti yake wa pili niliyeishi naye mpaka mwisho. Wamenichagua kwa sababu ati nina moyo mgumu. Ni kweli ninao, na kabla sijamaliza mtajua ulivyomtesa.

Alisoma shule ya msingi mpaka darasa la nane, akawa mzuri wa hesabu na mzembe wa kila kitu kingine. Siku moja alitolewa darasani kwa kulipindua dawati lake ili aone limeungwaje. Mwaka 1956 alijiunga na chuo cha ufundi, akamaliza 1958 na cheti cha useremala. Cheti hicho kilining'inia juu ya dirisha la karakana yake kikiwa kimejaa vumbi la mbao. Tukikifuta, ananuna.

Tarehe 2 Januari 1961 aliajiriwa na ofisi ya bandari kuwa fundi wa gati la zamani. Vijana hapa mnalijua kwa kuambiwa tu. Lilikuwa na mbao mia mbili na nne za kukanyagia, kila moja ya mita nne, zimelazwa juu ya boriti nne ndefu zilizotoka ufukweni kwenda baharini. Kazi ya kwanza aliyojipa, bila kutumwa na mtu, ilikuwa kung'oa kila ubao kwa zamu na kuuchonga namba upande wa chini kwa patasi, kuanzia nchi kavu. Alitaka kila ubao utakaotolewa kurekebishwa urudi palepale ulipotoka. Mpaka rangi wa bandari, ambaye yuko nasi leo kwenye kiti cha mbele, alimcheka.

"Na hizo namba atasoma nani huko chini? Samaki?"

"Watasoma wakijifunza," Baba akamjibu. Wakawa marafiki tangu siku hiyo, miaka sitini na nne bila kupumzishana kwa utani.

Mwezi Februari 1966 aliitwa mbio gatini na patasi yake. Mwalimu mmoja kijana, akienda kuripoti kazini shule ya ng'ambo, alikuwa amenasa kisigino cha kiatu kati ya ubao wa sitini na wa sitini na moja. Meli ilikuwa inapiga honi.

"Fundi, ng'oa huo ubao!"

"Ubao hauna kosa, dada. Tulia, kiatu kitatoka."

Kilitoka, ila kiliacha alama yenye ukubwa wa ncha ya kidole kwenye ukingo wa ubao wa sitini na moja, na meli ilikuwa imekwisha kwenda. Mama alidai maisha yake yote kwamba kazi ya dakika moja ilichukua dakika ishirini na tano kwa makusudi. Baba alikana kila mara, huku anatabasamu. Meli iliyofuata ilikuwa ya wiki ijayo, na wiki moja iliwatosha. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1966, wakajaliwa watoto watatu: kaka yetu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa mwisho.

Aprili 1988 dhoruba ilivunja nguzo mbili za mwisho. Meli zikahamia bandari mpya, ofisi ikafungwa, na Baba akaambiwa arudishe funguo. Gati likabaki halina mwenyewe. Nanyi majirani, msinikasirikie, mlianza kubeba mbao. Zikawa vitanda, rafu za maduka, milango, hata mabanda ya kuku. Baba alizitazama zikipita barabarani mabegani mwa watu. Siku ya tisa akatoka usiku na mtarimbo, akarudi na ubao mmoja. Aliukata vipande vitatu, akaviunganisha ubavu kwa ubavu, akaweka miguu. Ikawa meza ya jikoni, na ile alama ya kisigino ukingoni, upande aliokaa Mama.

Pale ndipo tulipokula, tulipoandikia kazi za shule, tulipogombezwa. Mama alisahihisha madaftari pale. Kuna doa jeusi la pasi aliloliacha siku mdogo wetu alipoanguka uani na yeye akakimbia. Akiwa anafikiri, aliweka dole gumba kwenye ile alama, akalizungusha taratibu. Mama alifariki tarehe 11 Novemba 2008. Baada ya hapo Baba alihamisha kiti chake, akawa anakaa upande wake.

Machi 2012 wakazi waliitana kwenye ukumbi wa shule, wakaunda kamati, wakaamua kulifufua gati kwa mikono yao wenyewe. Baba alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili. Walipomchagua awe fundi mkuu alisimama na kusema neno moja tu: "Zirudisheni." Kuanzia kesho yake alipita nyumba hadi nyumba na mpaka rangi, wakilala chali chini ya vitanda vya watu kutafuta namba. Hakuchukua ubao wa mtu bila kumwachia kitu. Uliyekuwa na rafu alikuchongea rafu kwanza, kwa vipimo vilevile, ndipo akabeba ile ya gati. Mama muuza mkaa alikuwa na mbao tatu kwenye kitanda chake.

"Mzee Randa, kitanda hiki nimezalia watoto watano. Sikitoi!"

Baba akamtengenezea kingine, akakilalia mwenyewe mbele yake aone kama kinalia. Hakikulia. Mama yule alicheka mpaka akamsaidia kubeba zile mbao.

Zilizooza au zilizokatwakatwa ovyo aliziwekea mpya, na mpya nazo akazichonga namba. Kufikia Juni 2019 gati lilikuwa tayari: nguzo, boriti, kamba za pembeni, rangi. Mbao mia mbili na tatu. Pengo moja tu lilibaki, hatua kama ishirini kutoka ufukweni, naye akalizungushia kamba. Mkaguzi wa usalama alikataa kusaini ufunguzi. Kamati ilimsihi Baba azibe kwa ubao mpya. Akagoma.

"Ubao wenyewe mzima upo. Nikiweka mwingine nitakuwa nimesema umekufa."

"Sasa uko kwa nani, Mzee?"

"Uko kwa watu wazuri. Watauleta."

Miaka mitano na ushee mmeuliza ubao wa sitini na moja uko kwa nani. Mmewashuku waliohamia mbali. Mmemshuku hata mwenyekiti, maskini, aliyerudisha mlango wake wa mbele kabla ya mtu yeyote. Leo nasema mbele yenu na mbele ya Baba: watu wazuri hao ni mimi.

Baba alikuwa ameniomba ile meza ya jikoni mapema, mwaka 2016. Alitengeneza meza mpya kwa vipimo vilevile, akaileta sebuleni imefunikwa shuka. Nilipolifunua nikaona doa jeusi la pasi. Alikuwa amepasha moto pasi ya mkaa, akaiunguza meza mpya mahali palepale, ili nisione tofauti. Nilimfokea. Nilimwambia, "Hilo doa si la Mama, ni la kwako!" Alisimama na shuka mkononi, mtu mzima wa miaka sabini na saba, akasema, "Nilidhani itasaidia." Meza mpya niliirundikia nguo za kupigwa pasi, na ile ya zamani ikabaki jikoni. Nilikuwa nikiweka dole gumba langu kwenye ile alama. Nilihisi kwamba ikitoka, Mama atakuwa ametoka nyumbani mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimemsindikiza mwenyewe.

Aliniuliza mara moja kila mwaka, siku ya ndoa yao. "Bado?" Namjibu, "Bado, Baba." Anaendelea kula. Hakunisema kwa ndugu zangu wala kwa kamati. Asubuhi alikwenda gatini, akasimama kwenye kamba, akaangalia maji yanayopita chini ya pengo, akarudi kunywa chai. Alikuwa na hamu ya kutembea mpaka mwisho wa gati, sisi sote tunajua. Angeweza kuruka, kama wengi wenu mlivyokuwa mkiruka kwa siri. Hakuruka. Namkumbuka alivyosimama pale, mikono nyuma, na inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Oktoba 2024 mapafu yake, yaliyovuta vumbi la mbao tangu utotoni, yalianza kuchoka. Alilazwa hospitali ya wilaya mara tatu, wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Tarehe 4 Februari nilimwambia nikitoka pale naifungua meza. Alinishika mkono.

"Usiitoe kwa sababu nakufa. Itoe ukiwa tayari."

"Na nisipokuwa tayari?"

"Basi ule juu yake vizuri. Mama yako hakupenda watu wanaokula wamesimama."

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano. Kaka yetu alikuwa kando yake.

Ijumaa asubuhi nilimwita mpaka rangi jikoni, tukaipindua meza. Namba ilikuwepo, sitini na moja, imechongwa vizuri kama jana. Tulipovitenganisha vile vipande vitatu, nikaona kila palipokatwa pana nusu tundu la msumari upande mmoja na nusu upande wa pili. Sikuelewa. Mpaka rangi alichukua futi ya Baba akapima, akapima tena, kisha akakaa chini sakafuni.

"Amekata juu ya boriti," akasema. "Hivi vipande vikilazwa, kila ncha inakaa juu ya boriti yake. Huyu mtu aliukata ili urudi."

Mwaka 1988. Hakukuwa na kamati, hakukuwa na mkutano, hata tumaini halikuwepo. Yeye alikata akijua.

Baba, sikuwa tayari. Hata sasa siko tayari. Nimekunywa chai ya mwisho juu ya meza ile nikiwa nimekaa, kama Mama alivyotaka, kisha nikaitoa.

Marehemu ameacha dada mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, rafiki mmoja wa miaka sitini na nne, karakana ambayo hakuna aliyethubutu kuifagia, na gati lenye mbao mia mbili na nne. Tukitoka hapa makaburini tutakwenda wote ufukweni. Vipande vitatu viko kwenye mkokoteni pale langoni, na misumari kumi na miwili iko mfukoni mwa mpaka rangi. Nitapigilia wa kwanza mimi niliyewachelewesha. Alama ya kisigino itakaa upande wa kushoto mkielekea baharini; mkifika hapo, tafadhali msiikanyage haraka.

Lala salama, Baba. Uliwaambia ubao uko kwa watu wazuri, watauleta. Tumeuleta.