Clavery Ishengoma na Picha ya Watu Wasiocheka

Baba Paroko, ndugu wa ukoo, na majirani mliotembea kwenye utelezi kuja kutusaidia kumsindikiza, poleni na safari.

Marehemu Clavery Ishengoma alizaliwa hapa Buganguzi tarehe 14 Machi 1926, mtoto wa Mzee Rweyemamu, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1939, kisha akajifunza useremala mjini Bukoba, ambako fundi mmoja alimwonyesha kuchonga picha kwenye ubao, kuupaka wino na kuugandamizia karatasi. Tarehe 9 Agosti 1952 alifunga ndoa na Felicitas Kokuberwa, wakajaliwa watoto wawili, Joviana na Buberwa.

Mwaka 1970 walihamia kijiji cha ujamaa, mchana akilima shamba la pamoja, jioni akichonga, hata mwaka 1972 akamaliza picha aliyoombwa kwa maonyesho ya Saba Saba, watu wakitoka shambani mvuani, migongo imeinama, mama mmoja ametua kikapu akashika kiuno. Kila mchirizi wa mvua ulikuwa uzi mweupe, aliouchonga kwa ncha ya kisu ukikatiza migongo yote, na kisu kingeteleza mara moja tu, kazi yote ingeharibika.

Ofisa wa maonyesho aliitazama, akauliza, "Mzee, mbona hawa hawacheki?"

Clavery akajibu, "Walikuwa wamechoka, bwana."

Akaagizwa achonge nyingine, akachonga, safari hii wakacheka wote, lakini Felicitas alipoonyeshwa alisema, "Hawa siwajui, Baba Joviana." Basi hakuipeleka, na maonyesho yakapita bila yeye, ile ya kwanza akaibandika ukutani mwa ghala la kijiji, watu wakawa wanasimama mbele yake na majembe begani, mpaka siku moja jirani yetu Alistidia akaigusa, akasema, "Huu mgongo ni wangu." Clavery alikwenda nyuma ya ghala akalia.

Mwaka 1975 alianza kuugua kifua, akalazwa Bukoba mara kadhaa, mwishowe akaomba arudishwe hapa kibanjani, kwenye shamba la migomba la baba yake, ambako alifariki alfajiri ya tarehe 2 Novemba 1976, mkono wake ukiwa katika mkono wa Felicitas.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, wanakijiji waliombeba kwenye machela, na Alistidia aliyempikia uji hadi mwisho.

Baba Joviana, umechoka. Lala kwa amani.