Festus Kioko Mulwa, Aliyeingia Tangini Kumtoa Yarrow

Wapendwa, wasifu huu umeandikwa na dada yake mkubwa kwa niaba ya familia. Tulishauriwa uwe mfupi na mtamu. Utakuwa na urefu unaotosha. Utamu mtausikia pale ulipo, na pale usipokuwepo msitulaumu sisi.

Marehemu Festus Kioko Mulwa alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 hapa Garissa, mtoto wa tatu wa marehemu Mulwa Nzuki, aliyekuwa dereva wa katapila la barabara, na Mama Kalekye. Wazazi wetu walitoka Nuu, upande wa Mwingi, kwa kazi ya serikali ya miaka miwili. Baba alizikwa hapa hapa. Kioko aliongea Kisomali kabla hajaongea Kikamba sawasawa, na shangazi zetu walipokuja kututembelea walimwita mgeni wa Mulwa.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini hadi mwaka 1973. Hesabu ilimpenda, Kiingereza kilimkataa. Mwalimu mmoja alimwambia mbele ya darasa zima kwamba mikono yake ingefika mbali kuliko kichwa chake, na darasa likacheka. Kioko naye alicheka. Alipotoka pale alikwenda chuo cha ufundi, akajifunza kukata na kuchomelea vyuma, akarudi na cheti ambacho Mama alikitundika ukutani juu ya picha ya harusi yake mwenyewe.

Mwaka 1984, ukame ulipomaliza mifugo ya watu wengi, alifika gereji alikofanya kazi kijana mmoja kutoka Griftu aitwaye Yarrow Kulow. Ngamia wa baba yake walikuwa wamekufa, na yeye hakujua kazi yoyote ya mjini. Aliomba kufagia. Kioko alimpa miwani ya kuchomelea na kumwambia asimame karibu aangalie. Tangu hapo hawakuachana. Walifungua karakana yao karibu na soko la mifugo, wakagombana kila siku kuhusu redio, na kila siku wakala chakula cha mchana kwenye sinia moja.

Tarehe 16 Desemba 1988 Kioko alimuoa Mwende, binti wa Nuu. Kabla ya harusi, tulipopeleka mbuzi wa mahari kwa wakwe, Yarrow alikuja nasi kama mzee wa upande wetu. Wazee wa Mwende walitandika viti, mbuzi wakaingizwa uani. Yarrow, mtoto wa wafugaji, hakuweza kujizuia. Alimshika mbuzi wa kwanza mdomo, akamfungua macho, akasema kwa sauti, "Hii mbuzi ni mgonjwa. Mutu asidanganye nyinyi, rudisha hii." Alikuwa anakataa mbuzi wetu wenyewe. Baba mkwe alicheka hadi akapangusa machozi, akasema familia yenye rafiki mkweli namna hiyo inafaa kuozeshwa. Mungu aliwajalia Kioko na Mwende mabinti wawili, Mutheu na Kalekye mdogo.

Wakimbizi walipofika Dadaab mwaka 1991 na 1992, kiu ndiyo iliyowaajiri Kioko na Yarrow. Kambi zilihitaji malori ya maji, na malori ya maji hayakuwepo. Kwa hiyo wakachukua malori makuukuu ya petroli na kuyageuza. Walikuwa na kanuni yao ya kazi. Tangi lililobeba petroli waliliogopa: walilijaza maji, wakayaacha yafurike, wakalimwaga, wakalijaza tena, ndipo wakawasha moto. Lakini tangi lililobeba maji waliliingia tu, bila hata kuuliza, kwa sababu maji yamemuua nani ndani ya tangi tupu? Aliyekuwa ndani aligonga chuma kwa nyundo, aliyekuwa nje akajibu kwa kugonga. Ndivyo walivyojuana kuwa wazima. Watu wa kambi za Ifo na Hagadera walikunywa maji kutoka matangi ya ndugu hawa wawili, na hakuna aliyeumia kazini hata mara moja.

Sifa hiyo ndiyo iliyotuponza. Mwanzoni mwa 1995 mkandarasi kutoka Mombasa alipita Dadaab, akayaona yale malori, akauliza nani aliyashona vizuri hivi. Yeye alikuwa na kazi bandarini. Kampuni yake ilikuwa imenunua meli kuukuu ya mizigo, iliyobeba saruji na sukari miaka mingi na kisha ikaachwa imetia nanga bila kazi, na ilitakiwa igeuzwe kuwa meli ya kuhudumia manowari za nchi moja ya ng'ambo. Nchi gani, mafundi hawakuambiwa. Matumbo yaliyokuwa ya saruji yalikatwa yakawa maghala ya vipuri na vyumba vya barafu. Juu ziliwekwa winchi za kupitishia mizigo kutoka meli hadi meli zikiwa mwendoni. Nyuma palisawazishwa pa kutua helikopta. Na kule chini kabisa, matangi ya zamani ya maji ya chumvi, yale ya kuipa meli uzito isiyumbe, yalitakiwa kuwa matangi ya maji ya kunywa ya mabaharia.

Walikwenda wote wawili, na Kioko alituandikia kwa furaha. Alisema kumbe manowari nazo hupelekewa maji kama kambi ya Hagadera, tofauti ni kwamba mabaharia hawapangi foleni na mitungi. Alisema Yarrow, ambaye hajui kuogelea, hulala amevaa boya. Alisema wangekuwa nyumbani kabla ya Krismasi.

Tarehe 14 Septemba 1995, Alhamisi, wageni wa jeshi walikuwa wanakuja kukagua meli. Msimamizi wa kazi alitaka tangi la mwisho lipimwe kabla hawajafika. Tangi lile lilikuwa limefungwa tangu meli ilipoachwa. Walifungua kifuniko. Yarrow aliuliza lilibeba nini, akaambiwa maji. Akaingia.

Aligonga mara moja, kisha kimya.

Daktari alitueleza baadaye, na sisi tunawaeleza nyinyi ili fundi mwingine wa Garissa asife kwa kutojua. Chuma kinapoota kutu ndani ya tangi lililofungwa, kutu ile hula hewa yote. Hakuna moshi, hakuna harufu. Mtu anashuka ngazi, magoti yanalegea, basi. Malori yetu ya Dadaab hayakuwahi kufungwa hata wiki moja, ndiyo maana hayakuwafundisha jambo hilo. Kampuni ilijua. Ilikuwa na feni kubwa ya kusukuma hewa ndani ya matangi. Siku ile feni ilikuwa juu, ikikausha rangi ya chumba cha kulia cha maofisa.

Kioko aligonga, hakujibiwa. Akaita. Msimamizi alimwambia asubiri feni ishushwe. Mafundi waliokuwepo wanasema Kioko alimjibu, "Mwenye feni ni wewe. Mwenye Yarrow ni mimi." Akavuta pumzi, akashuka na kamba. Alimfunga Yarrow kifuani, akatikisa kamba, wakamvuta. Yarrow alitoka akiwa hai.

Sasa sikilizeni. Yarrow akiwa amelazwa sitahani anatapika, wageni walionekana wakipanda ngazi ya meli. Msimamizi aliamuru kifuniko kirudishwe juu ya tundu. Kampuni inasema alidhani Kioko ameshatoka. Inasema ilikuwa kwa usalama wa wageni, wasije wakatumbukia. Sisi tunasema hakutazama kwa sababu hakutaka kuona. Maofisa wenye nguo nyeupe walipita juu ya ndugu yetu, wakasifia rangi. Aliyemkumbuka ni Yarrow. Alipopata fahamu neno lake la kwanza lilikuwa, "Kioko wabi?" Alitambaa mwenyewe hadi kwenye kile kifuniko, akaanza kukipiga kwa ngumi.

Walimtoa Kioko anapumua. Tulishukuru Mungu. Tulikuwa hatujui tunashukuru nini.

Meli ilikamilika, ikapandishwa bendera, ikaondoka na bendi ikipiga. Kioko alirudishwa nyumbani kwetu, mtaa wa Waberi, mwezi wa Novemba akiwa amefunikwa blanketi. Mwili wake ulipona, akanenepa hata. Lakini kichwa chake kilibaki palepale kwenye mdomo wa tangi. Ukimwambia jambo, limepotea kabla hujakaa. Mabinti zake aliwasalimia kama watoto wa jirani. Swali lake lilikuwa moja, asubuhi hadi jioni: "Yarrow ametoka?"

Yarrow alihama kwake akaja kulala uani kwetu. Kila Kioko alipouliza, alimjibu. "Waryaa Kioko, mimi niko hapa. Wallahi nimetoka. Wewe umetoa mimi." Kioko alimtazama, uso ukafunguka, akacheka, akamshika mkono. Kisha yote yakafutika na swali likaanza upya. Tulichoka sisi, Mwende alichoka, Yarrow hakuchoka. Alisema kama kazi yake duniani ni kujibu swali hilo, basi ameajiriwa vizuri. Na kwa kweli zile zilikuwa siku zetu njema, ingawa tulizilalamikia.

Mwezi wa Julai 1996 kampuni ilituma bwana mmoja kutujulia hali. Alikuja Ijumaa adhuhuri, Yarrow akiwa msikitini. Alileta sukari na majani ya chai. Alikaa karibu na Kioko, akamshika bega, akasema kwa upole, "Pole sana, bwana. Mwenzako tulimpoteza. Lakini wewe Mungu amekubakiza."

Hakuwa na nia mbaya. Ila hakuwa ameuliza. Kwa miezi yote ile kampuni haikujua ni nani kati ya wale wawili aliyetoka mzima. Ilijua kuna ajali, ilijua kuna Wasomali na Wakamba, mengine ikakisia. Mwende alipiga kelele kuwa si kweli, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Katika maneno yote tuliyomwambia ndugu yetu tangu aumie, majina ya watoto wake, kifo cha shangazi, siku, mwezi, hakuna lililokaa. Hilo likakaa.

Yarrow aliporudi kutoka msikitini na kusema, "Waryaa Kioko, niko hapa," Kioko alipiga ukunga. Alijirudisha nyuma hadi ukutani akijifunika uso, kwa maana aliyekuwa mlangoni ni maiti. Tulijaribu kesho yake, na juma lililofuata. Tulimshikisha mkono wa Yarrow ausikie una joto, akazimia. Tangu hapo Kioko hakuweza kukaa chumba kimoja na mtu aliyemtoa kaburini.

Kioko sasa hakuuliza tena. Aliomba msamaha. Kila Sahro, mke wa Yarrow, alipoleta maziwa, alishikwa mikono na kuambiwa, "Sahro, nisamehe. Nilichelewa kuingia." Mwanzoni Sahro alimwambia mume wake yu hai. Kioko alijipiga kichwa ukutani hadi damu, akisema mjane huyu anamfariji kwa uongo. Basi Sahro akajifunza kujibu, "Nimesamehe, walaal," yaani ndugu. Alipewa rambirambi za mumewe zaidi ya mwaka mzima, na mumewe ameketi nyuma ya mabati, anasikia. Nilimwambia Yarrow arudi nyumbani kwake, anajitesa bure. Akanijibu, "Dada, mimi nasikia sauti yake tu. Inatosha." Haikutosha. Tulimwona akilia.

Mvua kubwa za mwishoni mwa 1997 zilileta mbu na homa, na mto ukatufungia barabara na dawa. Kifua cha Kioko hakikupata nafuu tena. Mwezi wa Machi alilazwa hospitalini. Tarehe 12 Machi 1998, Alhamisi asubuhi, muuguzi alituambia tuwaite wote. Mwende ndiye aliyesema Yarrow aingie, liwe liwalo.

Yarrow aliingia akiwa amevua viatu. Alikuwa amejiandaa. Njiani alikuwa akirudia maneno ya kumwambia, kwamba ametoka, kwamba ni mzima, amtazame vizuri kwa mara ya mwisho. Kioko alifumbua macho. Safari hii hakuogopa. Alimtazama kwa muda, akasema polepole, "Yarrow. Umekuja kunichukua?"

Sisi sote tulikuwa pale. Yarrow akakaa kitandani, akamshika mkono, akasema, "Haa. Nimekuja. Bole, nimechelewa kidogo. Twende." Kioko alitabasamu, na hakuongea tena. Tulipotoka nje Yarrow alituambia, "Ningesema nimetoka, angeogoba tena. Mimi ningefanya nini?"

Marehemu ameacha mama yake, Kalekye; mjane wake, Mwende; mabinti zake, Mutheu na Kalekye; dada zake wawili; na Yarrow Kulow, ambaye yuko hai, na amesimama hapa mbele ya kila mtu akiwa ameshika koleo. Kampuni imetuma shada la maua lenye jina la meli. Tumeliweka kando, kwa sababu jina lililoandikwa juu yake kuwa la marehemu ni la Yarrow.

Mungu akupokee, Kioko, akulaze mahali penye hewa. Yarrow alitoka. Wewe ndiwe uliyemtoa, ukafa hujui.